Mgongo wa Mbwa Mlinzi na Tiba Zisizo za Kisu

Mbwa anapokataa kuruka na kupanda nyuma ya gari la doria, watu wengi husema amekuwa mkaidi. Huyu humvuta kwa mnyororo, yule humkemea, na mwingine humchapa. Ni nadra mtu kuinama na kumpapasa mgongo. Ilhali madaktari wa wanyama hufundisha kwamba kukataa kuruka ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa za maumivu ya mgongo, hasa kwa mbwa wa kazi. Basi hutokea mnyama akaadhibiwa kwa kosa asilolitenda, na ugonjwa ambao ungetulizwa kwa mapumziko ukaachwa hadi miguu ya nyuma ikapooza.

Jambo hili lina uzito wake katika mji wa Kampala. Jeshi la Polisi la Uganda lina kikosi chake cha mbwa, na huko Nagalama, wilayani Mukono, kimejengwa kituo cha kuwazalisha. Mbwa hao hufuata harufu ya mhalifu kutoka penye tukio, kupita mashambani na vichochoroni, hata mlangoni pake. Katika uwanja wa ndege wa Entebbe, mbwa wa kunusa walianza mwaka 2016 kuisaidia Mamlaka ya Wanyamapori kusaka pembe za ndovu na nyara nyingine zilizofichwa katika mizigo. Tena wapo mbwa wa makampuni ya ulinzi, na wale wanaolinda nyumba za raia kutoka Kololo hadi Muyenga. Kumfunza mbwa mmoja akaiva ni kazi ya miezi mingi, na askari aliyemzoea mbwa wake hapati badala yake kwa siku moja.

MGONGO ULIVYOUNDWA

Uti wa mgongo wa mbwa una pingili 7 shingoni, 13 kifuani, 7 kiunoni, na 3 zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyongani, kisha hufuata zile za mkia. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, laini ndani na kigumu nje, kinachopokea kishindo mnyama anaporuka. Juu ya visahani hivyo hupita ugwe wa mgongo, unaopeleka amri za ubongo miguuni, kibofuni na mkiani.

Mwaka 1952, mtaalamu wa Sweden aitwaye Hansen alieleza namna mbili za kuharibika kwa visahani hivyo. Ya kwanza huwapata mbwa wenye miguu mifupi na mgongo mrefu, kama wale wa Kijerumani waitwao dachshund. Kisahani hukauka mapema, kisha siku moja hupasuka ghafla na kuusukuma ugwe. Ya pili huwapata zaidi mbwa wakubwa wenye umri, ambao kisahani chao huvimba polepole kwa miezi au miaka.

Mbwa wa Kijerumani wa kuchunga kondoo, ambao majeshi na polisi wa nchi nyingi huwatumia, wana udhaifu wao mahsusi. Maungio ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa nyonga huchakaa, na nafasi ya mishipa ya fahamu ikawa finyu. Mbwa wa namna hiyo huinuka kwa shida asubuhi, hushusha mkia, hulia ukiinuliwa mkia huo, na husita mbele ya ngazi au gari. Akili yake haijapungua wala pua yake haijafa, bali mgongo ndio unaomzuia.

KWANZA UJULIKANE UGONJWA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye kuziba ufa sharti aujue ulipo, kwani si kila mgongo unaouma ni wa visahani.

Katika Afrika ya Mashariki kuna mnyoo uitwao Spirocerca lupi. Mbwa huupata kwa kula dundu wanaoviringisha mavi, au kwa kula mjusi au matumbo ya kuku waliokwisha kula dundu hao. Mnyoo husafiri mwilini, hukaa katika umio na kujenga uvimbe, na mara nyingi pingili za kifua zilizo jirani huota mfupa wa ziada. Mbwa huyo huweza kukohoa, kutapika au kumeza kwa taabu, na mgongo wake ukawa mgumu. Kumkanda hakutauondoa mnyoo. Dawa yake hutolewa na daktari wa mifugo.

Kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huweza kuanza kwa udhaifu wa miguu ya nyuma, bila ya ukali wowote. Kwa hiyo mbwa asiyechanjwa, au aliyeumwa na mnyama asiyejulikana, akianza kupepesuka asiguswe mdomo wala asikandwe na watoto wa nyumbani. Atengwe, na daktari wa mifugo aarifiwe mara moja. Aliyeumwa au kurambwa kwenye kidonda na mbwa wa namna hiyo aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

MAPUMZIKO NI DAWA

Ikithibitika kwamba ni kisahani, na mbwa bado anatembea, tiba ya kwanza haiuzwi dukani. Ni mapumziko ya kweli. Mwaka 2022 jopo la mabingwa wa tiba ya wanyama lililoundwa na chuo chao cha Marekani lilishauri mbwa wa namna hiyo azuiwe harakati kwa muda wa wiki 4 au zaidi. Maana ya kuzuiwa ni kukaa katika banda dogo au pembe ya chumba iliyozungushiwa mbao, penye nafasi ya kugeuka na kujinyoosha tu. Hutolewa kwa haja akiwa amefungwa kamba, kisha hurudishwa. Haruki, hapandi ngazi, wala hachezi na wenziwe.

Hapa ndipo wengi huteleza. Dawa ya maumivu humpa mbwa nafuu siku ya tatu, naye akatikisa mkia. Mwenye mbwa akadhani amepona, akamfungulia. Kupona kwa kisahani huchukua wiki, na nafuu ya dawa ni pazia tu. Haraka haraka haina baraka.

MAJI YA MOTO, BARAFU NA MKONO

Katika siku mbili tatu za mwanzo, maumivu yakiwa mapya, barafu iliyofungwa katika kitambaa huweza kuwekwa mgongoni kwa dakika 10 hivi, mara chache kwa siku. Baadaye, misuli inapokakamaa, hutumiwa taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa. Mwenye kuliweka alijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono wake. Likimchoma yeye, litamchoma na mbwa.

Kukanda kunafaa kwa mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu, baada ya daktari kuruhusu. Vidole visiminye mfupa wenyewe. Vipite taratibu katika misuli ya pande mbili za uti, kutoka mabegani kwenda kiunoni. Mbwa akigeuza kichwa kwa ghafla, akikaza mwili au akinguruma, hapo pana maumivu; mkono uondolewe. Ama wale wanaovuta na kuvunja mgongo ili ulie, wazuiwe kabisa. Kisahani kilichopasuka kikisukumwa hivyo huweza kuukata ugwe.

TIBA YA MAJI

Katika nchi nyingi mbwa wenye mgongo mbovu hufundishwa kutembea ndani ya maji. Sababu yake ni rahisi: maji humbeba mnyama, uzito ukapungua katika pingili, na misuli ikafanya kazi bila kishindo. Tiba hii huanza baada ya muda wa mapumziko kwisha, kwa dakika chache, na huongezwa kidogo kidogo.

Mkaaji wa Kampala huenda akalitazama ziwa la Nyanza na kudhani kwamba hospitali imekwisha kujengwa. La hasha. Katika sehemu nyingi za kando ya ziwa pana konokono wanaobeba kichocho, na askari atakayeingia majini na mbwa wake huweza kurudi na ugonjwa. Tena mamba wapo. Birika la maji safi lenye kina cha kufika kifuani mwa mbwa, na sakafu isiyoteleza, linafaa zaidi kuliko pwani ya ziwa.

SINDANO ZA KICHINA

Tiba mbadala iliyosemwa sana ni ile ya sindano nyembamba za Kichina. Mwaka 1974 madaktari wa wanyama waliunda jumuiya ya kimataifa ya tiba hiyo. Mwaka 2010 wataalamu wa Brazil walitoa taarifa ya mbwa 40 waliokuwa na ugonjwa mzito wa visahani. Kati ya 19 waliotibiwa kwa sindano zilizopitishwa umeme hafifu, 15 walipata nafuu. Kati ya 10 waliopasuliwa tu, walikuwa 4. Na kati ya 11 waliopata tiba zote mbili, walikuwa 8.

Hesabu hiyo inavutia, lakini yapasa isomwe kwa tahadhari. Mbwa hao walikuwa wachache, na hawakugawanywa kwa kura, hivyo haijulikani kama makundi yalilingana tangu mwanzo. Walio wengi katika elimu hii wanakubali kwamba sindano huweza kusaidia kupunguza maumivu pamoja na tiba nyingine, mikononi mwa daktari wa wanyama aliyesomea. Taa ya leza nayo hutumiwa siku hizi, na ushahidi wake bado haujakamilika.

CHAKULA NA UZITO

Kila kilo ya ziada ni mzigo juu ya pingili. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, mbwa 48 wa aina ya Labrador walilelewa wawili wawili tangu udogoni, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa robo. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na viungo vyao vilichelewa kuchakaa. Hakuna dawa ya kienyeji wala ya kisasa iliyoonyesha faida kama hiyo kwa gharama ndogo hivyo.

Chakula cha kawaida cha mbwa wa Kampala ni posho na mukene, yaani dagaa wa ziwani. Si kibaya, mradi posho isizidi kipimo. Dagaa waliokaushwa chini wapepetwe na kuoshwa ili mchanga utoke, wapikwe bila chumvi wala kitunguu, maana vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mafuta ya samaki yana ushahidi mzuri kwa viungo vilivyochakaa, lakini yale ya maini ya samaki yasizidishwe, kwani vitamini A ikikithiri huwa sumu. Ushahidi wa manjano ni mchache. Shubiri asinyweshwe kabisa, kwa kuwa huleta harisho kali.

YA KUEPUKWA

Kabati la dawa la nyumbani ni hatari kubwa kuliko ugonjwa. Aibuprofeni na diklofenaki, ambazo binadamu huzimeza kwa kiuno, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli isiyopimwa na daktari huharibu ini. Dawa za maumivu zisichanganywe na zile za jamii ya kotizoni. Wala mgongo usichomwe kwa chuma cha moto kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa mifugo: kuchoma huongeza kidonda juu ya maumivu, na pingili haiguswi.

Ziko pia dalili ambazo haziruhusu tiba mbadala hata moja: mbwa kuburura miguu ya nyuma, kukanyagia mgongo wa unyayo, kushindwa kukojoa, au kutohisi akifinywa vidole kwa nguvu. Hapo saa zina thamani. Mbwa aliyepoteza hisia hizo za ndani, hata akipasuliwa kwa wakati, ni karibu nusu tu wanaotembea tena. Abebwe juu ya ubao au blanketi lililokazwa, mgongo ukiwa umenyooka, apelekwe kwa daktari. Kampala ina bahati ya kuwa na Makerere, ambako chuo kikuu kinawafunza madaktari wa wanyama, na wapo pia madaktari wa binafsi mjini.

KINGA KATIKA KAMBI NA NYUMBANI

Mengi ya kinga hayahitaji fedha. Gari la doria liwekewe ubao wa kupandia na kushukia, kwa kuwa kishindo cha kushuka ni kikubwa kuliko cha kupanda. Sakafu ya saruji inayoteleza itandikwe gunia au mpira. Kucha zikatwe. Kamba ya kazi ifungwe katika mkanda wa kifua badala ya shingo, hasa kwa mbwa mwenye maumivu ya shingo. Kabla ya zoezi mbwa atembezwe taratibu kwa dakika kadhaa, kama askari anavyopasha mwili moto kabla ya kukimbia. Watoto wa nyumbani wafundishwe kwamba mbwa si farasi, hapandwi.

Na mbwa anapofika umri wa kutoweza tena kuruka ukuta, si lazima awe amekwisha. Pua yake bado hufaa kwa upekuzi wa mizigo uwanjani, na masikio yake kwa lindo la lango. Kiongozi mwema humbadilishia askari aliyeumia kazi, hamfukuzi. Na mnyama aliyefuata nyayo za wezi usiku wa mvua amestahili hesabu iyo hiyo. Siku atakapositasita mbele ya gari, mkono upite mgongoni mwake kabla ya fimbo kuinuliwa.