Hewa Nyepesi ya Lubumbashi na Koo la Kabureta

Msomaji wetu mmoja, alimaye mahindi nje kidogo ya Lubumbashi, ametuandikia kwamba trekta lake kuukuu la Ferguson, lile la kijivu la aina ya TE20 lililoundwa Coventry, Uingereza, baina ya mwaka 1946 na 1956, limefunguliwa kabureta, ikaoshwa, ikatiwa boya na sindano mpya, na jeti zake, yaani vile vitundu vya kupimia petroli, zikazibuliwa kwa waya. Na juu ya hayo yote trekta latoa moshi mweusi na plagi zake zajaa masizi. Auliza kosa liko wapi, hali kila kitu kimewekwa kama kitabu cha kiwandani kinavyoagiza. Habari za pistoni na vali naziacha, maana hakuna fundi asiyezijua. Na tuingie moja kwa moja katika ile sehemu nyembamba ambamo hewa hukutana na mafuta, nami naiita koo, kwa kuwa ndipo ipitapo pumzi ya mashine nzima.

Mwitalia Giovanni Battista Venturi alieleza mwaka 1797 kwamba maji yapitapo penye mfereji uliobanwa, kanieneo yake hupungua (neno hili nalipenda kuliko shinikizo, maana lataja bayana kuwa ni kani iliyogawanywa kwa eneo). Akili hudhani kinyume chake, kwamba palipo finyu ndipo penye msongamano. Lakini watazame waleta makaa waingiao Lubumbashi na baiskeli zilizosheheni magunia: baiskeli ya namna ile, katika njia tambarare, haizidishi mwendo kwa hiari yake, bali huuzidisha pindi anayeisukuma kwa nyuma anapomshinda nguvu anayeizuia kwa mbele. Hewa nayo, maadamu haiwezi kurundikana kooni, yapasa ikimbie zaidi ili ipite. Na ikiwa imezidisha mwendo, basi imesukumwa, na ikiwa imesukumwa, basi mdomo mpana ulio nyuma yake una kanieneo kubwa kuliko koo lililo mbele yake. Na itokapo kooni ikafika tena penye wasaa, yule wa mbele ndiye ashindaye, mwendo ukapungua na kanieneo ikarejea. Mrija wa petroli umefunguka pale pale kooni, ilhali petroli iliyomo katika bakuli la boya yakandamizwa na hewa ya kawaida. Kwa hiyo haifyonzwi, kama wengi wasemavyo, bali husukumwa kutoka chini, ikapanda na kutawanyika kama manyunyu.

Sasa, Lubumbashi iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake, kwa ujazo ule ule, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 11 hivi. Injini huvuta ujazo ule ule kila mzunguko, kwa hiyo uzito wa hewa iingiayo hupungua kwa kadiri hiyo. Lakini petroli hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya kanieneo, na kwa kuwa tofauti hiyo hupungua kwa kadiri ile ile ya hewa, petroli hupungua kwa asilimia 6 tu. Ndipo mchanganyiko, ambao haki yake ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, unapozidiwa na petroli kwa asilimia 6, bila ya mtu kugusa skrubu hata moja. Joto la mchana nalo lina taathira yake, illa ni ndogo.

Kilichokamilisha shari ni waya. Jeti ni ya shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, madini yapatikanayo yote mawili Kipushi hapo jirani, nayo ni laini mbele ya chuma. Tundu likipanuka kipenyo kwa asilimia 5, petroli huzidi kwa asilimia 10.

Basi jeti zilizochokonolewa na zitupwe, zitiwe mpya zenye kipenyo kilichopungua kuliko cha kiwandani kwa asilimia 3, na tangu hapo zisafishwe kwa upepo wa pampu, kamwe si kwa waya. Kisha trekta lilimishwe kutwa na plagi itazamwe: ikiwa ya kahawia hafifu, kazi imetimia, ikiwa nyeupe, petroli imepungua mno na vali zitaungua, arudishe kipimo cha kiwandani.