Mwaka 1976: Reli Ilipokabidhiwa, na Mbio Zilipoachwa

Kila mwaka huja na habari zake, na nyingi husahauliwa kabla ya mavuno mengine kuingia ghalani. Lakini iko miaka michache ambayo mambo yake yameshikamana kama shanga za uzi mmoja. Mwaka 1976 ni mmoja wao. Sisi tukaao Tunduma, Vwawa na Mlowo yatupasa kuujua, kwa maana sehemu ya habari zake kubwa ilipita mlangoni petu. Vijana husikia garimoshi likilia usiku, wasijue kwa nini njia ile ilijengwa. Basi na tuwaeleze.

RELI YAKABIDHIWA

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Julai 1976, Serikali ya China iliikabidhi rasmi reli ya TAZARA kwa Tanzania na Zambia. Njia hiyo yatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mwendo wa kilomita 1,860. Ina madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, na kazi iliyowatoa watu jasho kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, penye milima na mabonde makubwa. Ujenzi ulianza mwezi Oktoba 1970, na mwaka 1973 chuma kilifika Tunduma, kikavuka mpaka. Wakati huo hapakuwa na Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016; nchi yetu yote hii ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya.

Kwa nini reli hiyo ilijengwa? Zambia haina bahari. Shaba yake ilipita kusini, katika nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia utawala wao huko Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, ili walowezi wachache waendelee kuwatawala Waafrika walio wengi. Hapo Zambia ilijikuta imeshikwa koo: ikimkemea Smith, mizigo yake yaweza kuzuiwa. Na mwezi Januari 1973 Smith aliufunga kweli mpaka huo.

Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa wameomba msaada wa reli katika nchi za Magharibi, wakaambiwa kwamba haitaleta faida. China ikakubali. Mkataba ulitiwa sahihi Beijing mwezi Septemba 1967, na mkopo haukuwa na riba. Maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi bega kwa bega na Wachina. Wako Wachina waliofia katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo nje kidogo ya Dar es Salaam hata leo.

Jambo moja dogo lafaa kutajwa. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. TAZARA ilijengwa kwa upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Ndiyo maana behewa laweza kuvuka Tunduma na kwenda zake bila kupakua mzigo. Wajenzi walitazama kusini tangu mwanzo.

DAMU YA WANAFUNZI

Wiki nne kabla ya makabidhiano hayo, tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana. Serikali ya Makaburu ilitaka baadhi ya masomo yafundishwe kwa lugha ya Makaburu. Watoto walikataa. Polisi wakawapiga risasi. Mmoja wa waliokufa alikuwa Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12. Picha yake akiwa amebebwa mikononi, iliyopigwa na Sam Nzima, ilizunguka dunia nzima, na waliokuwa wakisema mambo ya Afrika Kusini ni ya wenyewe wakakosa la kusema.

Watoto wetu huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika kila tarehe 16 Juni, wakaimba na kucheza ngoma. Mzazi, waeleze kwamba siku hiyo ilitokana na watoto wenzao wa Soweto.

UWANJA WA MONTREAL

Wakati damu ya Soweto haijakauka, timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini kucheza na Makaburu. Nchi za Afrika zilighadhibika. Zikawaambia wakubwa wa Olimpiki: New Zealand ikiingia katika michezo ya Montreal, nchini Kanada, sisi hatuingii. Wakubwa hao wakajibu kwamba raga haimo katika Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliwahusu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusema kwamba haitashiriki. Michezo ilifunguliwa tarehe 17 Julai, siku tatu tu baada ya makabidhiano ya reli, na nchi zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, hazikushiriki. Wanariadha wengine walikuwa wamekwisha kufika Montreal. Walifunga mizigo wakarudi kwao.

Sasa, msomaji, mfikirie kijana mmoja. Filbert Bayi alizaliwa karibu na Karatu, na mwaka ule alikuwa na miaka 23. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mlio wa bastola katika mbio za mita 1,500, wala hakupitwa na mtu. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliyemfuata alikuwa kijana wa nchi ileile, John Walker. Mwezi Mei 1975 Bayi alivunja rekodi ya maili pia. Mwezi Agosti Walker akaivunja tena. Dunia nzima ilingoja wawili hao wakutane Montreal.

Hawakukutana. Walker alikimbia bila Bayi, akapata dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.2, yaani pole kwa sekunde 7 kuliko Bayi alivyokimbia Christchurch. Hatusemi kwamba Bayi angeshinda; mbio huamuliwa uwanjani. Twasema tu kwamba alinyimwa nafasi ya kujaribu, na mguu wa mkimbiaji haungoji kama chuma cha reli. John Akii-Bua wa Uganda, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972, naye hakuweza kulitetea taji lake. Mike Boit wa Kenya vivyo hivyo hakupata kukimbia.

HABARI NYINGINE ZA MWAKA ULE

Hukohuko Montreal, binti wa Rumania aitwaye Nadia Comăneci, mwenye miaka 14, alipata alama 10 kamili katika sarakasi za viungo. Hakuna aliyewahi kuzipata katika Olimpiki, na ubao wa alama haukuweza kuziandika, ukaonyesha 1.00.

Mwezi Machi Samora Machel wa Msumbiji aliufunga mpaka wake na Rhodesia, ingawa nchi yake changa iliumia kwa kupoteza mapato. Tarehe 4 Julai makomandoo wa Israeli waliwaokoa mateka katika kiwanja cha ndege cha Entebbe, Uganda. Tarehe 20 Julai chombo cha Marekani kiitwacho Viking 1 kilitua juu ya sayari ya Mars. Sisi wa Mbozi tuna kimondo chetu kilichoshuka kutoka juu. Safari hii binadamu ndiye aliyepeleka chuma chake huko. Tarehe 28 Julai tetemeko la ardhi liliuangamiza mji wa Tangshan, China, wakafa watu zaidi ya 240,000. Na tarehe 9 Septemba Mao Zedong, ambaye serikali yake ilitujengea reli, aliaga dunia.

JE, KULIKUWA NA FAIDA?

Wako wasemao kwamba kususia michezo kulikuwa hasara tupu. Tusijibu kwa haraka. Mwezi Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, New Zealand ikiwemo, walikubaliana kuzuia michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi. Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980, Namibia mwaka 1990, na mwaka 1994 Waafrika wa Afrika Kusini walipiga kura. Reli peke yake haikuyaleta hayo, wala kususia michezo peke yake. Lakini mambo yote mawili yalichangia.

Bayi alikwenda Moscow mwaka 1980, akapata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui alipata fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki za Tanzania. Baadaye Bayi alianzisha shule.

Na reli yetu? Mizigo yake imepungua sana, na malori yamejipanga foleni Tunduma. Mwezi Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi hati ya makubaliano ya kuifufua. Ni vema. Ila tukipiga hesabu ya tani na shilingi, tukumbuke pia hesabu ya mwaka 1976. Jirani alikuwa amefungiwa mlango, nasi tukamfungulia wa kwetu. Reli tulisaidiwa kujenga, na deni likawa letu. Lakini mbio zile alizilipa kijana mmoja wa Karatu kwa miguu yake mwenyewe.

Wazazi, mtoto akiuliza garimoshi lile ni la nini, msimwambie ni la kubeba shaba tu.