Tundu Dogo Katika Bati la Ndege

Chuma kikiachwa mvuani hushikwa na kutu nyekundu, na kila apitaye huiona. Alumini haina kutu ya namna hiyo. Mara ikiguswa na hewa hujivika utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, nao huilinda kama ngozi ilindavyo nyama. Utando huo ukikwaruzwa, hujiunga tena upesi.

Lakini utando huu una adui, naye ni chumvi. Maji ya chumvi yakitulia juu ya alumini, chumvi hupatoboa mahali palipo dhaifu. Ndani ya kishimo maji huwa makali, tena hewa haifiki vema kuunga utando. Basi kishimo huzidi kwenda chini, hali mdomo wake ni mdogo kama tundu la sindano. Ndiyo sababu sufuria ya alumini iliyolazwa na chakula chenye chumvi huweza kuota vitone vya unga mweupe, na chini yake pana vishimo.

Sufuria ikitoboka hasara ni ndogo. Ndege ya angani ni jambo jingine. Mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Alfred Wilm aligundua ya kuwa alumini iliyochanganywa na shaba kidogo na magnesi, ikipashwa moto, ikapozwa ghafula, kisha ikaachwa siku kadhaa, hupata nguvu nyingi. Kwa mabati ya namna hiyo ndege nyingi zimeundwa. Lakini penye chembe za shaba utando ni dhaifu, na vishimo huanza hapo upesi. Tena bati la ndege huvutwa na kulegezwa kila safari. Ufa waweza kuanzia katika kishimo, ukaenea hata bati likapasuka.

Kwa hiyo mafundi hutia dawa katika rangi ya kwanza. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa kromati. Rangi ikikwaruzwa, unyevu huyeyusha dawa kidogo na kuipeleka penye jeraha, ikapakinga kabla chumvi haijapatoboa. Walakini kromati yenyewe ni sumu: fundi akivuta vumbi lake aweza kupata saratani ya mapafu. Basi wataalamu wamejaribu dawa nyingine, kama zile za madini yaitwayo seriamu, ili bati lilindwe pasipo kumdhuru mtu.

Dawa hizi hukinga tu. Bati lililokwisha kuliwa halirudi. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."