Wanaume Wasioingia Darasani: Makisio ya Kenya na Tanzania

Utangulizi

Mtaalamu anapoulizwa ni wanaume wangapi watakaokuwa hawajapata elimu ya shule ifikapo mwaka 2050, hapigi ramli. Sehemu kubwa ya jibu imekwisha kuandikwa. Mwanamume aliyekuwa na umri wa miaka 40 mwaka 2025, na ambaye hakupelekwa shule utotoni, atakuwa na miaka 65 mwaka huo. Iwapo atakuwa hai, yamkini atahesabiwa katika safu ile ile ya wasio na elimu. Makala haya yanazilinganisha Kenya na Tanzania ili kubainisha kuwa takwimu za kesho ni kivuli cha milango ya shule iliyofunguliwa na kufungwa jana.

Namna ya Kukisia

Wataalamu wa idadi ya watu huanza na sensa. Huwagawa watu kwa jinsia, kwa marika ya miaka mitano mitano na kwa kiwango cha elimu. Kisha kila rika husogezwa mbele. Wanaotarajiwa kufariki huondolewa, wanaohama hutolewa au kuongezwa, nao watoto watakaozaliwa huingizwa mwanzoni. Kiwango cha elimu huruhusiwa kubadilika miongoni mwa vijana tu. Cha mtu mzima huchukuliwa kuwa hakibadiliki. Kwa hivyo, uhamaji ukiwekwa kando, safu ya wasiosoma hupungua wazee wanapofariki na watoto wanapoandikishwa shuleni.

Nyayo za Historia

Tanzania, chini ya Mwalimu Nyerere, ilipitisha Azimio la Musoma mwaka 1974, na kufikia mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa. Kenya nayo iliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza mwaka 1974, lakini michango ya ujenzi ikawarejesha wengi nyumbani. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 ilizirudisha nchi zote mbili katika mtindo wa wazazi kuchangia gharama. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, Kenya ikafuata mwaka 2003, na zaidi ya watoto milioni 1 wakamiminika madarasani. Kila tukio kati ya haya limeacha alama katika rika lake. Aliyekosa nafasi mwaka 1990 hakufaidi mlango uliofunguliwa baadaye.

Aidha, wastani wa taifa huficha mengi. Katika maeneo ya wafugaji, kama vile Wajir, Mandera na Turkana nchini Kenya, mvulana aliyetakiwa kuchunga mifugo alisalia malishoni hata pale ada ilipokuwa imeondolewa.

Asilimia na Idadi

Ni kosa kulinganisha nchi kwa asilimia pekee. Chukua mfano wa kubuni: nchi yenye wanaume milioni 10, ambapo asilimia 20 hawakusoma, ina wasiosoma milioni 2. Wanaume wakifika milioni 20 na asilimia ikashuka hadi 12, wasiosoma watakuwa milioni 2.4. Asilimia imepungua, watu wameongezeka.

Jambo hili lina uzito katika ulinganisho huu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na ya Tanzania ya mwaka 2022 milioni 61.7. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 yaliikisia Kenya kuwa na takriban milioni 85 ifikapo 2050, na Tanzania takriban milioni 130. Hivyo, hata asilimia zikilingana, Tanzania itakuwa na wanaume wengi zaidi wasiosoma, na itahitaji madarasa mengi zaidi ili kuizuia safu hiyo isijazwe upya.

Vilevile, kutosoma shuleni si sawa na kutojua kusoma. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni zilizofuata ziliwafundisha mamilioni kusoma na kuandika. Mkulima aliyejifunza herufi katika kisomo hicho bila kuingia darasa la kwanza angali huhesabiwa kuwa hana elimu.

Hitimisho

Makisio huchukulia kuwa mtu mzima habadiliki. Hata hivyo, Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Aliaga dunia mwaka 2009, akiwa amekwisha kujiondoa katika safu ambayo hesabu zingemweka hadi kaburini. Kenya iliunda idara ya elimu ya watu wazima mwaka 1979, na elimu ya ngumbaru ndiyo njia pekee ya kumfikia aliyepitwa na shule. Serikali inayowangoja wazee wafariki ili takwimu zipendeze haijamwelimisha mtu. Elimu haina mwisho. Mpango wa kuitoa nao usiwe na ukomo wa umri.