Mkanda wa Gauni Ulioitikisa Paris

Mwaka 1884, katika maonyesho ya Salon jijini Paris, watu walijazana mbele ya picha ya mwanamke aliyevaa gauni jeusi, wakicheka na kushutumu. Orodha ya maonyesho iliweka nyota mahali pa jina lake. Haikusaidia kitu. Virginie Gautreau, mzaliwa wa New Orleans na mke wa tajiri wa benki, alijulikana mjini kwa urembo wake na kwa poda aliyojipaka.

Mchoraji John Singer Sargent hakuagizwa na mtu. Yeye ndiye aliyembembeleza bibi huyo akubali kuchorwa, akitumaini kujipatia jina. Kwa kawaida picha za mabibi wa kitajiri zilikuwa biashara: familia hulipa, mchoraji hupamba. Hapa hapakuwa na mume wa kuridhishwa, na uhuru huo unaonekana. Ngozi imepauka hadi kukaribia zambarau, lakini sikio limebaki na wekundu wake. Hapo ndipo tunapouona mwili wenyewe ulio chini ya poda. Kichwani pana hilali ndogo, alama ya Diana, mungu wa kike wa uwindaji.

Kilichochoma zaidi ni mkanda wa gauni, ambao hapo awali ulichorwa umeteleza kutoka bega la kulia.

Lakini je, Paris ilichukia uchi? La hasha! Mwaka 1863, mchoraji Alexandre Cabanel alionyesha Venus akiwa hana hata uzi mwilini, na Kaizari Napoleon wa Tatu akainunua picha hiyo. Venus hana mume wala majirani. Gautreau alikuwa nao wote, na gauni lake lilikuwa la mitindo ya siku zile zile. Ndiyo maana bega moja lilitosha kuzua kashfa.

Mama yake Gautreau alimsihi Sargent aiondoe picha, naye akakataa. Baada ya maonyesho aliuchora upya mkanda ukiwa umekaa begani, kisha akahamia London. Mwaka 1891 Gustave Courtois alimchora Gautreau huyo huyo, mkanda ukiteleza vilevile, na safari hii hapakuzuka kelele.

Gautreau alifariki mwaka 1915. Mwaka uliofuata Sargent aliliuzia jumba la makumbusho la Metropolitan la New York picha hiyo, akiomba isiitwe kwa jina la bibi huyo. Hadi leo inaitwa Madame X.