Pampu ya Sola Haina Bili, Lakini Kisima Kina Kiasi Chake

Kamati ya maji inayotumia stima au dizeli haihitaji kukumbushwa kuzima pampu. Bili ya mwezi hukumbusha. Sola ikishawekwa, ukumbusho huo huisha: jua likiwaka pampu huvuta, na kila lita ya ziada haiongezi gharama. Ni nafuu kubwa kwa wakazi wa wadi za Subukia, Waseges na Kabazi, lakini hapo ndipo kisima huweza kuchoshwa bila mtu kutambua.

Maji ya chini ya ardhi si ziwa lililofichwa. Hukaa katika nyufa za miamba ya volkano na katika tabaka za majivu na changarawe, na hujazwa polepole na mvua inayozama ardhini. Nchi yetu ni ya nyufa. Tetemeko la Januari 6, 1928, kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya, lilitokea hapa Subukia. Ndiyo maana shamba moja hupata maji na jirani akachimba akakosa.

Pampu inapovuta, maji kisimani hushuka. Ikizimwa, hupanda. Yasiporudi kufikia asubuhi pale yalipokuwa jana, na hali iendelee hivyo wiki baada ya wiki, mnavuta kuliko yanayoingia. Hatimaye pampu huvuta hewa na matope, kisha mota huungua. Kuinunua upya ni mchango wa kila nyumba.

Kwa hivyo kamati iwe na daftari: kina cha maji kabla ya pampu kuwashwa, kikipimwa siku moja kila wiki, na usomaji wa mita kuu. Kisima kinapomalizika kuchimbwa hufanyiwa jaribio la kuvuta maji, aghalabu kwa saa 24, na ripoti yake huonyesha kiasi kinachoweza kuvutwa kwa saa. Fundi wa sola asiwauzie pampu inayozidi kiasi hicho, hata akiwapunguzia bei.

Mkiona maji hayatoshi, ongezeni tangi kwanza. Sola hailali na betri. Pampu hufanya kazi mchana, na tangi lililo juu ya kilima hupeleka maji kwa vioski usiku bila nguvu yoyote. Wekeni pia swichi ya kuzima pampu tangi likijaa, na nyingine ya kuizima maji yakishuka sana kisimani.

Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, kibali cha kuvuta maji hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, na hutaja kiasi kinachoruhusiwa. Kuhama kutoka dizeli hadi sola hakukiongezi. Kamati iliyopoteza ripoti ya jaribio ianzie WRA, kwa kuwa mchimbaji hutakiwa kuwasilisha rekodi za kisima huko.