Butembo, Mji wa Wafanyabiashara: Historia na Urithi Wake

Ipo miji iliyojengwa na wafalme, na ipo iliyojengwa na wafanyabiashara. Sakai, nchini Japani, ni wa kundi la pili: katika karne ya 16 ulizungukwa na handaki na kuongozwa na baraza la wafanyabiashara wake, hadi ulipomtii Oda Nobunaga mwaka 1569. Katika Kivu ya Kaskazini, mji wenye tabia inayokaribiana na hiyo ni Butembo. Makala haya yanaeleza chimbuko la biashara yake na aina ya urithi uliotokana nayo.

Biashara ya Wanande, yaani Wayira, ni ya kale kuliko mji wenyewe. Kabla ya ukoloni waliifuata chumvi ya Katwe, ng'ambo ya Ziwa Edward. Mji ulianza kukua katika miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilipoweka kituo chake hapo. Wachimbaji walihitaji chakula, na wakulima wa Lubero wakapata soko. Hata hivyo, biashara kubwa ilibaki mikononi mwa wageni.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mambo yaligeuka, kama alivyoonyesha Vwakyanakazi Mukohya katika tasnifu yake ya mwaka 1982. Maharagwe na mboga vilipelekwa Kisangani kwa malori. Kahawa na dhahabu zikavuka mpaka wa Kasindi kuelekea mashariki. Amri ya tarehe 30 Novemba 1973 ya kuwakabidhi raia mali za wageni iliua maduka mengi nchini. Butembo tayari ilikuwa na watu waliojua kazi hiyo. Baadaye wakafika Dubai na Guangzhou.

Nguzo ya biashara hiyo ni uaminifu. Wafanyabiashara kadhaa huweza kujumuisha mizigo yao katika kontena moja. Avunjaye ahadi hupoteza jina, na asiye na jina hakopeshwi. Lugha nazo zimegawana kazi: Kinande hujenga imani baina ya ndugu, Kiswahili hufungua njia hadi Mombasa, Kifaransa huandika hati za ofisini. Serikali iliposhindwa, wafanyabiashara walichangia matengenezo ya barabara. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben.

Urithi wa namna hii hauna kuta za kuulinda. Mwezi Juni 2024 vita vilifika Kanyabayonga, jirani na Kayna, kwenye barabara iendayo Butembo kutoka Goma. Njia inapofungwa, si mazao tu yanayooza. Ahadi pia hukosa kutimizwa.

Sakai iliteketea kwa moto mwaka 1615, lakini sanaa ya chai ya Sen no Rikyū, mzaliwa wake, ingali hai kwa kuwa ilifundishwa na kuandikwa. Desturi za Butembo nyingi zimo vichwani mwa wazee. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Na urithi ni mali.